Miligramu Sita katika Gunia la Mchele

Gunia la kilo 100 la mchele wa Basmati 370, aina ambayo wakulima wa Mwea nchini Kenya huipanda na kuiuza kwa jina la pishori, lina takribani miligramu sita tu za kitu kinachoufanya mchele huo unukie kama unavyonukia. Uzito huo haufiki hata nusu ya uzito wa punje moja. Lau ingewezekana kuziondoa miligramu hizo sita, gunia lingebaki na wanga uleule, protini ileile na punje zenye urefu uleule, na mizani isingeona tofauti yoyote. Lakini mpishi angeitambua mara tu anapofunua sufuria, na mnunuzi asingekubali tena kutoa bei ya pishori.

Makadirio hayo yanatokana na kipimo kilichochapishwa mwaka 1983 na Ron Buttery, mkemia wa chakula aliyefanya kazi kwa miongo kadhaa katika maabara ya Wizara ya Kilimo ya Marekani iliyoko Albany, California. Jina lake halijulikani sana nje ya fani yake. Nimeamua kuandika juu yake kwa sababu kazi yake inatupa msingi wa kudai jambo ambalo sisi wa Afrika Mashariki, tunaokula na kuuza mchele unaonukia, hatujalidai kwa uzito unaostahili: kwamba harufu ni sehemu ya mali ya mkulima, kwamba inapimika kama unyevu unavyopimika, na kwamba kuiacha nje ya viwango vya ubora ni kumnyima mkulima sehemu ya jasho lake.

Maabara ya Albany ilikuwa mojawapo ya maabara nne za kanda zilizotokana na sheria ya kilimo ya mwaka 1938, wakati Marekani ilipokuwa na mazao mengi kuliko masoko, na wajibu wake wa kwanza ulikuwa kuyatafutia mazao hayo matumizi mapya. Nalitaja hili kwa makusudi, maana elimu ya harufu huhusishwa upesi na viwanda vya manukato na vya ladha za kutengenezwa. Buttery alikuwa mtumishi wa umma. Vitu alivyovichunguza ni vile ambavyo mtu yeyote huvikuta sokoni: viazi, karoti, nyanya, mahindi, pilipili hoho, mchele, pamoja na maua ya hopsi yanayotiwa kwenye bia. Swali lake kwa kila kimoja lilikuwa rahisi kulitamka na gumu kulijibu: katika vitu vyote vinavyoruka kutoka kwenye chakula hiki pamoja na mvuke, ni kipi hasa ambacho pua inakisikia?

Kabla ya kizazi chake, swali hilo lilikuwa karibu halijibiki. Katika miaka ya 1920, Hermann Staudinger na Tadeus Reichstein, ambao wote wawili walikuja kupata Tuzo ya Nobel kwa kazi nyingine, walitumia miaka kadhaa kuichambua harufu ya kahawa kwa njia za kale za kukenekesha na kutenganisha, njia zilizohitaji malighafi nyingi sana ili kupata matone machache. Mwaka 1952 Anthony James na Archer Martin walionyesha jinsi ya kutenganisha mvuke kwa kromatografia ya gesi: mchanganyiko husukumwa na gesi ndani ya mrija mrefu mwembamba, na kila kijenzi hutoka upande wa pili kwa wakati wake. Mrija huo ulipounganishwa na spektrometa ya tungamo, chombo kinachovunja molekuli na kupima uzito wa vipande vyake, wakemia walianza kupata orodha ndefu za majina. Chakula kimoja kiliweza kutoa mamia ya vijenzi.

Hapo ndipo wengi walipopotea njia, kwa maoni yangu, na hapo ndipo Buttery alipojitofautisha. Mashine huchora mlima mrefu pale penye kijenzi kingi, na macho ya mtafiti huvutwa na mlima mrefu. Pua haifuati milima hiyo hata kidogo. Kijenzi kinachotawala mchoro kinaweza kuwa hakina mchango wowote katika harufu, na kile kinachoubeba mchuzi mzima kinaweza kuwa kimejificha chini ya mstari, pale ambapo mchoro unaonekana kama hauna kitu. Maabara ya Albany haikuiamini mashine peke yake. Dante Guadagni, mwenzake Buttery, aliandaa majopo ya watu waliofunzwa kunusa, akawapa chupa laini za Teflon, plastiki isiyoongeza harufu yake yenyewe, zenye maji matupu au maji yaliyotiwa kiasi kidogo cha kijenzi kinachochunguzwa. Mtu huibonyeza chupa karibu na pua na kuamua ipi ina kitu na ipi haina. Kisha kijenzi huzimuliwa, na kuzimuliwa tena, hadi wanaonusa washindwe kutofautisha. Kiasi cha mwisho ambacho bado kilitambulika ndicho ninachokiita hapa kiwango cha kusikika, kwa kuwa Kiswahili chetu husema harufu inasikika.

Mwaka 1969 Buttery na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya pilipili hoho. Harufu ile ya ubichi inayopanda mara tu hoho inapokatwa kwa ajili ya kachumbari walikuta inatokana zaidi na kijenzi kimoja, isobutili-metoksipirazini, na jopo lilikisikia hata kilipokuwa sehemu mbili katika trilioni ya maji. Namba ya aina hiyo haiingii akilini mpaka igeuzwe kuwa kitu kinachoonekana. Gramu moja ya kijenzi hicho inatosha kuyafanya maji lita milioni 500 yasikike harufu ya hoho, yaani maji yanayoweza kujaza malori 12,500 ya lita 40,000 kila moja. Linganisha na ethanoli, kileo cha kawaida, ambayo gramu moja yake haifiki mbali zaidi ya lita 10 za maji. Baadaye watafiti wa mvinyo walikikuta kijenzi hichohicho katika zabibu za Cabernet Sauvignon, na hivyo wakaelewa kwa nini mvinyo wa zabibu zilizovunwa mapema hunukia majani mabichi.

Wazo la kugawanya kiasi kilichomo kwenye chakula kwa kiwango cha kusikika halikuanza Albany. Stuart Patton na Donald Josephson walikuwa wamelipendekeza mwaka 1957. Lakini Guadagni na Buttery walilifanya kuwa kazi ya kila siku, zao baada ya zao, na jedwali bora kabisa la kazi hiyo, kwa jinsi ninavyolisoma mimi, ni lile la nyanya. Nyanya mbivu ina vijenzi vinavyoruka zaidi ya 400, lakini ni kati ya 15 na 20 tu vinavyopita kiwango cha kusikika. Heksanali katika nyanya hufika sehemu 3,100 katika bilioni, na beta-iononi sehemu nne tu katika bilioni. Mtu anayesoma mchoro wa mashine ataitupa beta-iononi bila kufikiri mara mbili. Lakini heksanali husikika kuanzia sehemu 4.5 katika bilioni, ilhali beta-iononi husikika kuanzia sehemu 0.007. Ukigawanya, heksanali imepita kiwango chake karibu mara 690 na beta-iononi karibu mara 570. Kijenzi kilichozidiwa wingi mara 775 kinakaribia kusimama bega kwa bega na mwenzake mbele ya pua.

Kuna jambo jingine kwenye kazi ya nyanya ambalo linaonyesha uangalifu wa mtu huyu. Sehemu kubwa ya harufu ya nyanya mbichi haimo ndani ya nyanya nzima. Huzaliwa pale kisu kinapopasua chembe zake, vimeng'enya vikakutana na mafuta ya kwenye utando wa chembe hizo na kutengeneza sisi-3-heksenali, harufu ya kijani ambayo haidumu. Ukichelewa kupima utapata kitu tofauti na kile ambacho mlaji hukisikia, na ukiwahi mno utapata pungufu. Buttery na wenzake waliisaga nyanya, wakaiacha kwa dakika tatu, ndipo wakamimina maji yaliyoshiba kloridi ya kalisi ili kuvisimamisha vimeng'enya palepale. Dakika hizo tatu zilichaguliwa kwa kumfikiria mtu anayekula.

Sasa nije kwenye mchele, ambao ndio ulionifanya niifuate kazi hii.

Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980, harufu ya mchele wa thamani wa Asia ilikuwa imechunguzwa na watu wengi bila mtu kuweza kusema inatokana na nini. Mvuke wa wali una vijenzi vingi, na vilivyo vingi zaidi havina uhusiano na harufu ile. Buttery aliungana na Ling, mtafiti mwenzake wa Albany, na Bienvenido Juliano, mkemia wa mchele wa taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga iliyoko Los Baños, Ufilipino. Juliano alikuwa na mbegu, na alikuwa anaujua mchele wa nyumbani kwao. Albany ilikuwa na vyombo. Kitu walichokitambua na kukitangaza mwaka 1982 kinaitwa 2-asetili-1-pirolini. Mimi nitakiita pirolini kwa kifupi. Ni kitu kisichotulia: kikisafishwa na kuachwa peke yake huanza kubadilika rangi na kuharibika. Pua hukisikia kuanzia sehemu 0.1 katika bilioni ya maji.

Taarifa kamili ilitoka mwaka uliofuata, ikiwa na aina 10 za mchele. Malagkit Sungsong ya Ufilipino ilikuwa juu kabisa kwa sehemu 90 katika bilioni. Khao Dawk Mali 105 ya Thailand ilikuwa na 70. Basmati 370 ilikuwa na 60, na hapo ndipo nilipoipata hesabu ya miligramu sita katika gunia. Chini kabisa ilikuwa Calrose ya California, mchele wa kawaida usiosifiwa kwa harufu, uliokuwa na chini ya sita. Ukiitazama vizuri, namba hiyo ya mwisho inasema mengi. Mchele wa kawaida nao unaweza kuwa na pirolini kidogo. Tofauti kati ya wali unaowaita majirani na ule usiowaita ni ya angalau mara 10 au 15 ya kitu kilekile.

Ninaloliona kuwa kubwa zaidi katika utafiti huo ni mahali ulipopata mwanga. Wanajopo wa California waliponusa pirolini walisema inafanana na bisi. Wapishi wa Kusini-Mashariki mwa Asia walikuwa na jibu lao siku nyingi: wakiwa na mchele usionukia, huuchemsha pamoja na majani ya pandani, mmea wa jamii moja na mkadi wetu wa pwani, ambao sisi huupendea maua zaidi ya majani, na wali huo hunukia kama wa mchele wa thamani. Buttery hakuichukulia desturi hiyo kama hadithi ya jikoni. Aliyachukua majani, akayapima, na akakuta yana pirolini ileile, kwa kiasi cha karibu mara 10 ya ile iliyo kwenye mchele unaonukia. Wapishi walikuwa wamekilinganisha kijenzi kimoja katika mimea miwili isiyo na udugu, kwa pua tupu, bila kukosea. Watu wa California nao hawakukosea. Mwaka 1985 Peter Schieberle na Werner Grosch, watafiti wa Ujerumani, waliikuta pirolini katika ganda la mkate wa ngano, na baadaye Schieberle akaitaja miongoni mwa vijenzi vikuu vya harufu ya bisi.

Wataalamu wa jeni ndio waliokuja kueleza kwa nini aina fulani ya mpunga huwa na kitu hicho kwa wingi na nyingine huwa nacho kidogo mno. Mwaka 2005 Louis Bradbury na wenzake nchini Australia walionyesha kwamba katika mipunga inayonukia kuna jeni kwenye kromosomu ya 8 iliyopoteza herufi nane za maandishi yake. Jeni hiyo ikiwa nzima hutengeneza kimeng'enya kinachokimalizia mbali kitangulizi cha pirolini. Ikikatika, kimeng'enya hakifanyi kazi, kitangulizi hurundikana, na pirolini hutengenezwa katika sehemu za mmea zilizo juu ya ardhi, majani pamoja na punje. Ndiyo maana shamba la mpunga wa namna hii hunukia hata kabla ya kuvunwa. Mkulima wa kale aliyechagua masuke ya kutunza mbegu kwa kuyanusa alikuwa anachagua upungufu huo wa herufi nane, akaupitisha kwa watoto wake.

Jeni ikishakuwapo, kazi haijaisha. Pirolini huruka. Mpunga uliokaushwa kwa joto kali huipoteza kuliko uliokaushwa polepole, na mchele uliokaa miezi mingi ghalani huendelea kuipoteza siku hadi siku. Wafanyabiashara wa basmati huulaza mchele kwa makusudi ili wali uwe wa kuchambuka, na hapo hulipa sehemu ya harufu ili kupata sifa nyingine. Huo ni uamuzi halali, mradi anayeufanya ajue anatoa nini. Mkulima anayeanika kwenye turubai na kuuza kwa dalali hana mtu wa kumwambia kwamba namna ya kuanika imempunguzia kitu ambacho mnunuzi wa mwisho atakilipia.

Tazama sasa jinsi tunavyoupima mchele. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mchele uliokobolewa hupanga madaraja kwa kuangalia chenga, unyevu, takataka, punje zilizobadilika rangi na kadhalika. Vyote hivyo ni vya lazima na sivipingi. Lakini bei sokoni haifuati vitu hivyo peke yake. Mchele wa Kyela huuzwa ghali Dar es Salaam kwa sababu ya harufu na ladha yake, na pishori ya Mwea huuzwa ghali Nairobi kwa sababu hiyohiyo. Soko limeshakubali kulipia miligramu sita. Nyaraka za ubora ndizo ambazo bado hazijazitaja, na pale ambapo thamani inalipwa bila kupimwa, jina hubaki kuwa ushahidi pekee, na jina ni rahisi kuliandika kwenye gunia lolote.

Nimewahi kununua kilo 25 za mchele ulioitwa wa Kyela. Muuzaji aliniruhusu kuchota kiganjani, nikaupulizia pumzi ya moto na kuunusa, na kweli ulinukia. Wali ulipoiva nyumbani harufu ilikuwapo lakini ilikuwa nyembamba, na punje za aina mbili zilionekana wazi kwenye sahani. Kwa muda mrefu nilijilaumu kwa kutonusa vizuri. Kazi ya Buttery ilinifanya niache kujilaumu, kwa sababu inaeleza kwa nini pua ni shahidi dhaifu katika kesi ya namna hii. Chukua mchele wenye sehemu 60 katika bilioni, uchanganye nusu kwa nusu na usio na kitu. Unabaki na 30, na 30 ni mara 300 ya kiwango cha kusikika kwenye maji. Tena nguvu ya harufu tunayoihisi haipungui kwa mstari ulionyooka: kiasi kikipungua kwa nusu, hisia hupungua kwa sehemu ndogo kuliko nusu. Mchanganyaji anaweza kwenda mbali sana kabla mteja hajawa na hakika ya kumshtaki. Pua inajua kama pirolini ipo. Kusema ipo kiasi gani ni kazi ya chombo.

Wenzetu walikwishalikabili tatizo hili. Tangu mwaka 2005 Uingereza imekuwa na mwongozo wa biashara ya basmati unaoruhusu mchele wa aina nyingine usizidi asilimia 7 katika mfuko wenye jina hilo, na uchunguzi wa vinasaba hutumika kubaini aliyevuka mpaka. Kwa upande wetu ningependa kipimo cha jeni kiende pamoja na kipimo cha pirolini yenyewe. Jeni humwambia mnunuzi mbegu ni ya nani. Haiwezi kumwambia kama harufu imesalia baada ya miezi minane ghalani.

Uhitaji huo ni mkubwa zaidi kwa wazalishaji wa mbegu. Tanzania ina mbegu ya TXD 306 inayojulikana kwa jina la SARO 5, jina linalotokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya mpunga unaonukia kiasi. Wakulima wengi waliipokea kwa sababu inazaa kuliko Supa, mpunga mrefu unaochelewa kukomaa na kulala kwa upepo, lakini unaopendwa mno mezani. Neno "kiasi" ndilo linalonisumbua. Kiasi gani? Kama mkulima anaachana na Supa na kupata magunia zaidi, ana haki ya kuonyeshwa kwa namba ni harufu kiasi gani anayoiacha nyuma, kama anavyoonyeshwa kwa namba ni magunia mangapi anayoyapata. Bila namba hiyo, mavuno yatashinda kila mjadala kwa sababu yana tarakimu na mpinzani wake ana sifa tu.

Sidai kwamba hesabu za Albany zinamaliza kila kitu. Viwango vya kusikika vilipimwa kwenye maji, na wali una wanga unaoishika pirolini na kuiachia polepole. Vijenzi viwili vikikutana, thamani zao hazijumlishwi kama fedha. Kimoja kinaweza kukifunika kingine au kukiinua. Na kipimo hakisemi kama watu watapenda. Kiswahili kimeliona hili kwa kitenzi kimoja chenye nyuso mbili, kunuka na kunukia, na kemia inakubaliana nacho: indoli ni miongoni mwa vijenzi vya harufu ya ua la asumini, nayo ni miongoni mwa vijenzi vya harufu ya kinyesi, na tofauti iko katika wingi wake na katika vitu vilivyo pamoja nayo. Buttery mwenyewe hakuwahi kuliacha jopo la wanusaji likae nyuma ya mashine. Kwetu jopo hilo lingepaswa kuwa la watu wa Kyela, Mwea, Unguja na Kilombero, wakitumia maneno yao, maana mtu anayesema wali unanukia bisi na anayesema unanukia majani wote wanaweza kuwa wanakisikia kitu kimoja.

Vyombo vya kupimia pirolini kwa namba ni ghali na vinahitaji mafundi, nami sioni sababu ya kuvingojea vienee ndipo tuanze. Mwaka 1978, miaka minne kabla pirolini haijajulikana kwa jina, Sood na Siddiq nchini India walieleza njia ya kuutambua mpunga unaonukia ukiwa bado shambani. Gramu mbili za majani hukatwa vipande vidogo na kuwekwa kwenye kisahani cha kioo, humiminiwa mililita 10 za maji yenye hidroksidi ya potasiamu kwa asilimia 1.7, kisahani hufunikwa, na baada ya dakika 10 hufunuliwa na kunuswa. Kituo chochote cha utafiti wa mpunga kinaweza kugharimia kazi hiyo. Mtafiti hupanga visahani vya kutosha mezani, huvifunua kimoja baada ya kingine, huandika, na kila baada ya vichache hutoka nje kuvuta hewa, kwa kuwa pua iliyochoka itamwambia kwamba hakuna kitu hata pale kilipo.